Mafuta, nta, lami au epoksi: kuchagua kinga ya kutu ya uvungu wa gari unapoifanya mwenyewe

Makopo ya kinga ya kutu karibu yote yanaahidi jambo moja, kwamba chuma kitakaa miaka mingi bila kuliwa. Tofauti kati yao inajitokeza siku kinga inapoanza kushindwa. Mafuta hupungua taratibu hadi chuma kikabaki wazi, na mtu yeyote mwenye tochi ataona. Nta hukauka, hupasuka, kisha huanza kubanduka kwenye kingo. Lami inaweza kuonekana nzima kabisa huku bati linaliwa nyuma yake. Epoksi, rangi ya sehemu mbili inayogumu ikichanganywa na kigumishi chake, hushika kwa nguvu kuliko zote, lakini mahali ilipopakwa juu ya kutu au grisi huinuka kwa vipande vikubwa.

Kwa hiyo, kabla ya kulinganisha majina na bei, jiulize maswali mawili. Kinga hii ikishindwa, nitajua? Na nikijua, nitairekebisha kwa brashi mchana mmoja, au nitalazimika kukwangua uvungu mzima?

Vigezo vya kupimia

Hali ya chuma inatangulia vigezo vingine vyote. Ingia uvunguni na taa kali, nyundo ndogo na bisibisi. Gonga penye madoa ya kahawia na uvimbe: bati zima hutoa mlio mkali, bati lililoliwa hutoa mlio mzito uliokufa. Bisibisi ikizama, hapo panahitaji kukatwa na kuchomelewa bati jipya kabla ya kufikiria kupaka chochote. Hili lina uzito zaidi kwenye vizingiti vya milango, mahali pa kuwekea jeki, sehemu zinazoshika mikanda ya usalama, na pale sasipensheni inapofungwa kwenye bodi au chasisi. Mabomba ya chuma ya breki yaliyojaa vishimo vya kutu yabadilishwe. Ukiyapaka unaificha hatari, na breki hazitakupa onyo siku yatakapopasuka.

Chuma kilichobaki kizima kitakuwa katika moja ya hali tatu: kina kinga ya kiwandani isiyopasuka, kina kutu ya juu juu inayotoka kwa kusugua, au kina magamba na vishimo lakini bado ni imara. Magari mengi ya kisasa hutoka kiwandani bati likiwa na zinki na rangi iliyotandazwa kwa umeme, na mishono yake ikiwa imezibwa kwa PVC laini. Ukikuta kinga hiyo nzima, iache. Watu wengi huharibu ulinzi bora walio nao kwa kuukwangua ili wapake kilicho dhaifu kuliko huo.

Kigezo cha pili ni uwazi wa ndani. Vizingiti, boriti za chasisi na mikunjo ya chini ya milango huoza kuanzia ndani, kwa sababu maji na matope huingia kwenye matundu na kutuama humo. Kinga isiyoweza kufika ndani inalinda upande mmoja tu wa bati.

Cha tatu ni kile kinachopiga uvungu. Chumvi, iwe ya upepo wa bahari au ya kuyeyushia barafu barabarani, hufanya maji yapitishe umeme vizuri, na kutu ni kazi ya umeme mdogo unaopita kati ya sehemu mbili za chuma kilicholowa. Kokoto hupasua kinga ngumu. Maji ya kupita mitoni na madimbwini huosha kinga laini. Gari la barabara za kokoto na gari la pwani yana adui tofauti, hata kama ni ya mwaka na muundo mmoja.

Mwisho ni wewe mwenyewe: una nafasi kavu ya kuliacha gari siku kadhaa, una kompresa, na utalala tena chini yake mwakani? Jibu la swali hilo la mwisho ndilo linaloamua zaidi kuliko watu wanavyodhani.

Maandalizi ambayo hakuna kopo linayafuta

Simamisha gari kwenye sakafu ngumu na sawa. Weka kabari kwenye magurudumu yanayobaki chini, inua, kisha lishushe juu ya stendi zenye uwezo wa kubeba uzito wake. Litikise kwa nguvu kabla hujaingia. Usiingize hata mkono chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Toa magurudumu na zile plastiki za ndani ya mudgadi, maana nyuma yake ndipo matope yenye unyevu hukaa miezi bila kukauka.

Osha kwa maji ya presha na sabuni ya kukata grisi, ukielekeza maji mbali na soketi za umeme. Suuza mara mbili, kwa sababu chumvi haionekani ikishayeyuka na itabaki kwenye mishono. Zibua matundu ya kutolea maji kwa waya laini. Kisha acha pakauke saa 24 wakati wa jua na upepo, saa 48 hewa ikiwa na unyevu, na upulize mishono kwa hewa ya kompresa, kwani maji hujificha kati ya mabati mawili yaliyolaliana. Wapaka rangi za chuma hutaka bati liwe na joto lililozidi kiwango cha umande (joto ambalo unyevu wa hewa huanza kugeuka matone) kwa angalau nyuzi 3 za Selsiasi, na unyevu wa hewa usiozidi asilimia 85. Kama huna kipimo, pitisha kitambaa chenye maji kidogo mahali padogo. Alama ya maji isipopotea ndani ya dakika 15, hali ya hewa bado si ya kupaka.

Funika kwa mifuko ya plastiki na tepu ya karatasi: diski na kalipa za breki, bomba la moshi kwa urefu wake wote, sensa, soketi za umeme, bushi za raba, buti za shafti na hozi za breki. Mafuta au nta ikigusa diski, breki hazishiki. Ikigusa eksozi, itaungua, itanuka, na ikiwa nyingi inaweza kushika moto.

Mvuke wa vimumunyisho, yaani vimiminika kama thina vinavyoyeyusha kinga hizi, ni mzito kuliko hewa. Hutuama chini, pale pale ulipolala, na kwenye shimo la gereji hutuama zaidi. Fungua milango pande mbili, ondoa kila chenye moto au cheche, vaa miwani iliyofunika pembeni, glovu za nitrili, na barakoa yenye chujio za mvuke wa kemikali. Barakoa ya vumbi inafaa wakati wa kukwangua tu, haizuii mvuke.

Mafuta na lanolini

Kundi hili lina mafuta ya madini yaliyotiwa viungo vya kuzuia kutu, na lanolini, ambayo ni grisi itokayo kwenye sufu ya kondoo. Fluid Film ni mfano unaojulikana wa lanolini. Hayakauki kabisa, na humo ndimo nguvu yake na udhaifu wake vinamotoka.

Maandalizi: mepesi kuliko ya kinga nyingine zote. Magamba yaliyolegea yatoke kwa brashi ya waya na kikwangulio, lakini kutu ya juu juu iliyoshika inaweza kubaki. Mafuta hupenya ndani yake na kuikatia maji na hewa.

Kiasi na upakaji: gari dogo linataka lita 2 hadi 3 pamoja na uwazi wa ndani, pikapu au gari kubwa lenye chasisi, lita 4 hadi 5. Tumia bunduki ya kupulizia yenye mpira mwembamba, kompresa ikiwa kwenye psi 60 hadi 90. Anza ndani ya boriti na vizingiti, kisha mishono, kisha sehemu pana. Tabaka litoshe kubadilisha rangi ya bati bila kutiririka. Tandika maboksi chini, maana litadondoka siku moja au mbili. Huna kompresa? Makopo ya kupuliza yenye mrija yatafanya kazi hiyo hiyo, ingawa utayahitaji mengi na mkono utachoka.

Yanavyoharibika: sehemu zinazorushiwa maji na tairi huoshwa kwanza. Tazama nyuma ya magurudumu baada ya miezi 6, na panga kurudia uvungu mzima kila mwaka. Vumbi hunata, na hilo halidhuru kitu. Kinachodhuru ni mafuta ya madini kuvimbisha raba ya asili na raba ya EPDM, kwa hiyo usipuuze kufunika bushi. Lanolini ni laini zaidi kwa raba, lakini soma kopo, kwa sababu baadhi huchanganywa na mafuta ya madini.

Marekebisho ni kupulizia tena, bila kukwangua wala kuondoa tabaka la zamani. Kuna faida nyingine isiyoandikwa kwenye kopo: miaka mitano baadaye, bolti za sasipensheni zitafunguka bila kukatwa kwa moto.

Oili chafu ya injini haimo katika kundi hili, ingawa watu wengi huipaka kwa sababu ni ya bure. Oili iliyotumika ina tindikali na masizi ya mwako, haina viungo vya kuzuia kutu vya kutosha, hulainisha raba, inaweza kusababisha saratani ikigusa ngozi mara kwa mara, na kila mvua huishusha kwenye udongo na maji. Tafadhali usiitumie.

Yanamfaa mwenye gari la umri wa kati au kuukuu lenye kutu iliyokwisha kuanza, anayekaa penye chumvi, na aliye tayari kurudi uvunguni kila mwaka. Yatamshinda mwenye kupita mara kwa mara kwenye maji mengi, na yatamkera anayeegesha juu ya sakafu asiyotaka iwe na doa.

Nta

Kuna nta za aina mbili, na kuzichanganya ni kosa la kawaida. Ya uwazi wa ndani ni nyepesi, hupenya kwenye mishono. Ya uvungu ni nzito, huacha ngozi inayostahimili maji na mchanga. Mtu aliyenunua nzito pekee na kujaribu kuisukuma ndani ya kizingiti huishia na fungu la nta karibu na tundu na chuma kikavu kwa urefu uliobaki.

Maandalizi: bati likauke kabisa, kuliko linavyohitajiwa na mafuta, kwa sababu nta hufungia unyevu ndani. Magamba yote yatoke, grisi ifutwe kwa thina. Kutu ya juu juu iliyobaki si tatizo kwa nta nzuri yenye viungo vya kupenya, lakini ikiwa nene, nta itashika kutu badala ya kushika chuma.

Kiasi na upakaji: gari dogo, lita 2 hadi 3 za nta ya uvungu na lita 1 hadi 2 za nta ya ndani. Weka kopo kwenye maji ya uvuguvugu mpaka nta ilainike. Usiliweke juu ya moto, na makopo ya kupuliza yasipitishe nyuzi 50 za Selsiasi, yanaweza kupasuka. Kwa ndani ya boriti, tumia mrija mrefu wenye ncha inayorusha pande zote. Uingize hadi mwisho wa uwazi, anza kupulizia, kisha uvute nje polepole bila kusimama. Nta ikianza kudondoka kwenye matundu ya kutolea maji, kiasi cha humo kimetosha. Baada ya saa moja, rudi uyazibue matundu hayo yote. Tundu lililozibwa na nta hugeuza kizingiti kuwa tangi la maji, na kuoza kunaenda kasi kuliko kabla hujapaka.

Usitoboe matundu mapya kabla hujatafuta yaliyopo. Magari mengi yana plagi za raba chini ya vizingiti na kwenye boriti, na kutoboa kunaweza kufuta dhamana ya kutu ya mtengenezaji.

Kwa nje, paka tabaka mbili nyembamba, ukiacha saa 12 hadi 24 kati yake. Tabaka moja nene hukauka juu na kubaki laini ndani, kisha mchanga huikwangua yote.

Inavyoharibika: nta hupoteza vimumunyisho na mafuta yake taratibu, inakuwa kavu, inapasuka na kuinuka kwenye kingo. Kwenye joto kali nta za bei ya chini hulainika na kuteleza, hivyo tafuta kiwango cha joto kilichoandikwa kwenye kopo. Habari njema ni kwamba unaiona inapoharibika. Toa iliyolegea kwa kikwangulio cha plastiki, futa kwa thina, puliza mpya. Nta mpya huyeyuka kidogo na kuungana na ya zamani. Kwa nje tegemea kuitengeneza sehemu sehemu kila mwaka, na kuirudia yote baada ya miaka 2 hadi 3. Ndani ya boriti, ambako hakuna kokoto wala maji ya kurushwa, hukaa zaidi.

Inamfaa mwenye gari jipya au lenye chuma kizuri, anayetaka kuingia uvunguni mara chache, na mwenye nafasi ya kuliacha gari kavu siku tatu au nne. Kwa gari lenye magamba ya kutu, mafuta yatafanya kazi nzuri zaidi.

Lami na kinga ya raba ya kupuliza

Hii ndiyo ile nyeusi nene inayoonekana imara. Hupunguza mlio wa kokoto na huvumilia mapigo ambayo yangechana nta. Sifa hizo ni za kweli. Hatari yake nayo ni ya kweli, na inastahili kuelezwa kwa urefu.

Lami hukauka kwa kupoteza vimumunyisho, na haiachi kukauka siku ile ya kwanza. Inaendelea kwa miaka. Inavyokauka inakuwa ngumu. Bati la gari linajikunja kidogo kila barabara inapogonga, na lami iliyokuwa ngumu haijikunji nalo. Unatokea ufa mwembamba kama unywele. Maji yanaingia kwenye ufa, yanasambaa kati ya lami na bati kwa kunyonywa, na hayatoki kwa sababu hewa haifiki. Kutu inapoanza, hujaa nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo inaisukuma lami itengane na bati zaidi. Nje unaona uso mweusi usio na doa. Siku unapogonga kwa bisibisi, kipande kikubwa kinadondoka pamoja na bati lililogeuka unga.

Maandalizi: kwa hiyo hakuna nafasi ya uvivu. Bati liwe safi, kavu, lisilo na kutu yoyote, na liwe na praima (rangi ya kwanza inayoshika chuma) au rangi nzima ya kiwandani. Kamwe usipake lami juu ya kutu, hata iliyogeuzwa nyeusi kwa dawa, bila praima juu yake.

Kiasi na upakaji: lita 1 kwa unene wa nusu milimita hufunika takriban mita 2 za mraba. Uvungu wa gari dogo pamoja na mudgadi ni mita za mraba 6 hadi 8, kwa hiyo tabaka moja ni lita 3 hadi 4. Tumia bunduki maalumu ya kinga ya uvungu, inayofungwa moja kwa moja kwenye chupa, kwenye psi 60 hadi 90. Tabaka mbili za wastani ni bora kuliko moja nzito. Usifunike bolti za marekebisho, namba ya chasisi wala matundu ya maji. Zingatia pia kwamba lami haiingii ndani ya boriti. Humo bado unahitaji nta au mafuta.

Unapolikagua gari kila mwaka, pitisha kucha kwenye kingo na ubonyeze panapoonekana kama malengelenge. Palipolegea, kata mpaka ufikie lami iliyoshika, safisha mpaka chuma, praima, kisha paka. Kukwangua uvungu mzima wa lami ya zamani ni kazi ya siku nyingi kwa kikwangulio na bunduki ya hewa ya moto, na moshi wake haufai kuvutwa.

Inamfaa mwenye bati jipya, au aliyemaliza kupaka epoksi na anataka ngao ya kokoto kwenye mudgadi na nyuma ya magurudumu. Kinga za aina ya raba au polima zinazoweza kupakwa rangi juu yake hubaki laini muda mrefu kuliko lami tupu, na kwa mudgadi ni chaguo zuri. Kwa gari lililokwisha shika kutu, hii ni kinga ya mwisho kuifikiria.

Epoksi

Hapa hupaki kinga tu, unajenga upya rangi ya chuma. Kazi ni kubwa, na asilimia kubwa ya matokeo inaamuliwa kabla kopo halijafunguliwa.

Maandalizi: kutu yote itoke. Grainda yenye brashi ya waya hutoa magamba haraka, lakini hung'arisha chuma na kuacha kutu ndani ya vishimo, na rangi haishiki vizuri juu ya chuma laini. Malizia kwa msasa wa namba 80 au kwa kupuliza mchanga. Futa kwa thina ukitumia vitambaa viwili, kimoja chenye thina na kingine kikavu kinachofuata mara moja; kitambaa kimoja huhamisha grisi tu. Paka ndani ya saa chache, kabla chuma hakijaanza kugeuka rangi ya chungwa.

Dawa za kugeuza kutu, zenye tindikali ya fosforiki au ya tanini, husaidia kwenye vishimo visivyofikika. Hubadilisha kutu ya juu iwe nyeusi na tulivu, hazipenyi magamba mazito. Lakini angalia karatasi ya maelezo ya epoksi kwanza: mabaki ya tindikali huzuia kigumishi kufanya kazi, na watengenezaji wengi hawataki dawa hizo chini ya rangi yao.

Kiasi na upakaji: kwa tabaka mbili kwenye chasisi au uvungu wa gari la wastani, lita 2 hadi 3 zilizochanganywa. Pima kwa kikombe chenye alama, usikisie. Uwiano hutofautiana, 1 kwa 1, 2 kwa 1, 4 kwa 1. Kigumishi kikizidi hakiharakishi kazi, kinaacha rangi laini. Koroga dakika mbili hadi tatu ukikwangua pembeni na chini ya kopo. Changanya kile tu utakachomaliza, kwa kuwa joto hufupisha muda wa mchanganyiko.

Anza kwa brashi kwenye kingo, mishono, vichwa vya bolti na sehemu zilizochomelewa. Rangi ikiwa bado mbichi hujivuta kutoka kwenye kona kali na kuiacha nyembamba, na kutu huanzia hapo hapo. Kisha paka uso wote, tabaka mbili, kila moja ikikauka iwe mikroni 60 hadi 75 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Tabaka la pili lipakwe ndani ya muda ulioandikwa. Ukiupita, pitisha msasa wa 180 hadi 240. Hewa ikiwa na unyevu au baridi, juu ya epoksi hutokea utando wenye utelezi kama grisi. Uoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kabla ya tabaka la pili, la sivyo litabanduka. Chini ya nyuzi 10 za Selsiasi epoksi nyingi hukaribia kuacha kugumu, na ugumu kamili huchukua kama siku 7 kwenye joto la kawaida.

Kigumishi huleta mzio wa ngozi ambao ukishaanza hauondoki, kwa hiyo glovu zisivuliwe. Rangi za poliurethini zenye isosayaneti, kemikali hatari ukiivuta, zisipulizwe nyumbani bila vifaa vya hewa safi ya kuletwa kwa bomba. Kwa brashi hatari hupungua, ingawa glovu na barakoa bado ni lazima.

Inavyoharibika: kokoto hutoboa, na kutu hutambaa kutoka kwenye tundu kwenda pembeni. Unaiona mapema, kwa sababu epoksi haifichi doa la kahawia. Marekebisho ni msasa, kufuta, brashi.

Inamfaa anayekarabati gari lililofunguliwa, mwenye chasisi tupu au aliyetoa sasipensheni, anayekusudia kukaa nalo miaka mingi. Kupaka epoksi juu ya uvungu uliosafishwa kwa sehemu ni kulipa gharama ya kinga bora na kupata matokeo ya kinga dhaifu.

Mpangilio wa kuchanganya

Kinga hizi zinaweza kusaidiana, ila kwa mpangilio mmoja: epoksi chini, ngao ya kokoto juu yake penye mapigo, nta au mafuta mwisho. Kinyume chake hakifanyi kazi. Rangi haishiki juu ya nta wala lanolini, na hata ukifuta kwa thina, mabaki kwenye mishono yatatoka na kuiharibu. Ila kama ngao yako ni ya lami, usiweke mafuta juu yake, maana huilainisha mpaka ikaanza kubanduka. Ukikuta uvungu una kitu cheusi usichokijua, kisugue kwa kitambaa chenye thina: lami na nta huyeyuka na kuchafua kitambaa, PVC ya kiwandani na epoksi iliyogumu hazitoi rangi kirahisi.

Vifaa vya umeme vinavyofungwa kwenye betri vikidai kuzuia kutu havimo kwenye ulinganisho huu. Ulinzi wa aina hiyo hufanya kazi kwa meli na mabomba yaliyozama majini au udongoni. Gari liko hewani, na umeme hauna njia ya kuzunguka bati lote.

Kwa hali yako

Gari jipya au lenye kinga ya kiwandani nzima: nta ya ndani kwenye vizingiti na boriti, nta ya uvungu kwa nje. Acha PVC ilipo.

Gari la zaidi ya miaka kumi, lenye kutu hapa na pale lakini bati gumu: mafuta au lanolini kila mwaka. Kujaribu kulifanyia epoksi likiwa limefungwa kutakuchosha, na kutu iliyofichwa nyuma ya tangi la mafuta itaendelea.

Chasisi iliyovuliwa bodi: epoksi, ngao ya raba kwenye mudgadi, nta ndani ya boriti. Nafasi hii haitarudi karibuni, itumie.

Barabara za kokoto zisizo na chumvi: ngao ya raba nyuma ya magurudumu juu ya rangi nzima, nta kwingine. Pwani au barabara zenye chumvi: mafuta, pamoja na kuosha uvungu kwa maji matamu mara kwa mara, maana chumvi iliyobaki hulowesha chuma hata siku isiyo na mvua.

Gari lenye lami ya zamani: usiongeze lami nyingine. Gonga, bonyeza, kata palipolegea, rekebisha hapo kwa praima na nta. Paliposhika, paache.

Na kama huna stendi wala sakafu ya kuaminika, usilale chini ya gari. Gari likiwa juu ya magurudumu yake manne, kopo moja au mawili ya nta ya ndani yenye mrija mrefu yatafika ndani ya vizingiti kupitia plagi za pembeni, na ndani ya mikunjo ya milango kupitia matundu ya chini. Ni sehemu ndogo ya kazi, lakini ndizo sehemu zinazooza kwanza, na uvungu uliobaki unaweza kumpelekea fundi mwenye lifti.